Komoro mwezi wa harusi: safari ya kazi Moroni, Mwali na Nzuwani

Nimerudi Unguja wiki iliyopita. Daftari lililowa maji ya chumvi kurasa za katikati, lakini tarakimu zinasomeka, na pale wino ulipofifia picha za simu zimenisaidia. Kazi ilikuwa ya ushauri mwelekezi: mradi mmoja wa kuzuia rushwa ulitaka watu wawili wakae na wahasibu, maofisa ununuzi na wakaguzi wa serikali ya Komoro katika visiwa vyake vitatu. Mwenzangu alikuwa wakili kutoka Mombasa, mama wa makamo anayeujua Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa ibara kwa ibara. Mimi nimekulia kwenye ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo kwangu kila kitu huanzia kwenye stakabadhi.

Sitataja ofisi wala mtu. Katika nchi ndogo kama hizi, ukisema "karani wa malipo wa idara fulani, kisiwa fulani", umeshamtaja yeye na baba yake.

JUMAPILI. Dar es Salaam hadi Moroni

Foleni ya kupima mizigo ilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Agosti ni msimu wa harusi kubwa Ngazija, kisiwa ulipo mji mkuu Moroni. Wangazija wa Marseille na Paris wanarudi kwao kwa wingi, na wafanyabiashara wanatoka Kariakoo na marobota ya vitenge, mashuka na sufuria zilizotiwa moja ndani ya nyingine. Mama mmoja mbele yangu alizidisha kilo. Akafungua begi palepale sakafuni, akatoa makoti mawili mazito, akayavaa juu ya buibui. Mizani ikakubali.

Kumbe viti vyetu vilikuwa jirani. Angani ni kama saa moja na nusu tu, lakini zilimtosha kunieleza maisha yake: alisoma Temeke, akaolewa Moroni, na kila baada ya miezi michache anakwenda Dar kufunga mzigo. Alipojua hatuna mtu wa kutupokea alicheka. "Mwanangu, teksi ya nini? Mpwa wangu yuko nje." Mpwa akatufikisha hadi mlango wa nyumba ya wageni, na hela ya mafuta akaikataa katakata.

Viza tulipewa uwanjani Hahaya, euro 30, na risiti juu. Kutoka pale hadi Moroni ni kilomita ishirini hivi kuelekea kusini, bahari mkono wa kulia, na mawe meusi ya volkano yakishuka mpaka majini. Tulipopita Itsandra nilimkumbuka Sayyid Omar bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyekuja kuwa kadhi mkuu Unguja na mwalimu wa masheikh wetu wengi.

Kwa atakayekwenda: beba euro taslimu. Franki ya Komoro imefungwa kwenye euro, moja kwa karibu 492, kwa hiyo hakuna haja ya kuzunguka mitaani kutafuta bei nzuri. Mashine za kutolea pesa ni chache na zinagoma. Shilingi yetu haina mnunuzi.

JUMATATU NA JUMANNE. Moroni

Siku mbili za vibaraza. Ofisi ya kwanza tulikaa nje tangu saa tatu hadi adhuhuri. Mkubwa alikuwa mazishini, na hilo kule halina mjadala. Ofisi ya pili tulipokewa vizuri, kwa Kifaransa kitupu, na mkalimani wetu alikuwa bado njiani. Sheria, fomu, barua, vyote Kifaransa. Mtu akiinuka kutoka mezani kwenda kupokea simu anarudi kwenye lugha yake, na hapo mimi ninashika nusu ya maneno.

Historia kwa ufupi, maana bila yake kazi yetu haieleweki. Sheria ya mwaka 2008 ndiyo iliyozaa tume ya taifa ya kuzuia na kupambana na rushwa. Mwaka 2012 Komoro ikajiunga na ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2016 Rais Azali Assoumani akaifuta tume kwa amri, akisema haijaleta matokeo. Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba amri ya rais haiwezi kufuta sheria. Hata hivyo makamishna hawakuongezewa muda wala hawakuteuliwa wengine. Basi tume ikawa ipo kwenye karatasi, na viti havina watu.

Halafu kuna lile la pasipoti, ambalo dereva wa teksi alitueleza bila kuulizwa. Mwaka huohuo wa 2008 ilipitishwa sheria ya kuuza uraia, na maelfu ya hati zikaenda hasa kwa watu wasio na utaifa wa nchi za Ghuba. Fedha zilitakiwa zijenge barabara na bandari. Novemba 2022 rais wa zamani Ahmed Abdallah Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini kutokana na kashfa hiyo. Dereva alipunguza mwendo, akakwepa shimo lenye upana wa barabara nzima. "Pasipoti hizo hapo," akasema, akaendelea kuendesha.

Nauli ya teksi ya kuchangia mjini ni franki 500 kwa mtu. Jioni tulikula mataba, kisamvu kilichopikwa kwa nazi mpaka kikawa laini kabisa, pamoja na samaki wa kuchoma, karibu na soko la Volo Volo. Franki 2,000 kila mmoja, na tukashindwa kumaliza. Umeme ulikatika mara mbili tukiwa mezani. Hakuna aliyeinua kichwa.

JUMATANO NA ALHAMISI. Ukumbini

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya ufunguzi, hotuba, na picha ya pamoja. Naruka.

Mchana wakili aliuliza swali lake la kawaida: ukiona zabuni imegawanywa vipandevipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha kutangazwa, unaripoti wapi? Kimya. Mtu akakohoa. Kijana mmoja wa mwisho kabisa akasema kwamba ofisini kwao lipo sanduku la malalamiko. Tukaomba kuliona, na baada ya kazi tukaenda.

Sanduku ni zuri, la mninga, limepigwa vanishi, lina kufuli la shaba. Limetundikwa pembeni ya mlango wa mkurugenzi, likitazamana na kiti cha mlinzi. Ufunguo anao katibu muhtasi wa mkurugenzi. Akatufungulia kwa ukarimu wote. Ndani mlikuwa na kadi ya mwaliko wa harusi, karatasi ya kuomba viti vya plastiki vya kuazima, na mjusi mfu.

Tulipotoka, mwanamama mmoja mhasibu, mtu mzima, alinivuta kando. "Fundi," ndivyo wanavyomwita mwalimu, "mimi mwandiko wangu wanaujua tangu chuoni. Hata nikiandika kwa mkono wa kushoto, watajua." Ibara ya 33 ya Mkataba inazitaka nchi zifikirie namna ya kumlinda anayetoa taarifa kwa nia njema. Ibara nzuri. Lakini iliandikwa na watu walioona miji ambamo mtu anaweza kupotelea. Hapa aliyeripotiwa ni shemeji yako, na Ijumaa mtasimama safu moja.

Kesho yake wakili aliwasomea alama za rushwa za Transparency International za mwaka 2024, ambapo 100 ni nchi safi kabisa: Shelisheli 72, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, sisi Tanzania 41, Komoro 21. Alitaka kuchokoza, akafanikiwa. Yule kijana wa nyuma akasimama: "Shelisheli ni wachache kuliko sisi. Kwa hiyo tusiseme ni udogo." Mwingine akamjibu kwamba Shelisheli nao tume yao ni ya mwaka 2016 tu, na mwaka 2021 ndipo ilipofumua kesi ya dola milioni 50 za msaada wa Falme za Kiarabu za tangu 2002. Ubishi ukawaka, Kifaransa kikasahaulika, mkalimani akakata tamaa akaenda kunywa chai. Ilikuwa saa bora ya mafunzo yote.

IJUMAA. Bangwe

Swala tuliswali kwenye msikiti wa zamani wa Ijumaa ufukweni, ule mweupe wenye matao, ambao asili yake inarudishwa mwaka 1427. Baada ya swala yule mama wa makoti alinipigia simu: binti ya kaka yake anaolewa, ndoa ya ada, yaani hiyo harusi kubwa, tusipokwenda amekasirika.

Kijiji ni nusu saa kutoka Moroni. Bangwe ni uwanja wa katikati ya mji, wenye mabaraza ya mawe ambako wanaume hukaa kwa daraja zao. Aliyekwisha kufanya harusi kubwa ni mtu mzima hata akiwa na miaka thelathini. Asiyeifanya anabaki kijana wa mji mpaka mvi zimwote, na katika mambo ya kijiji neno lake halina uzito. Harusi moja inaweza kula makumi ya maelfu ya euro. Sasa mchukue karani wa serikali, mshahara wake mdogo na mara nyingine unachelewa, umweke kwenye baraza lile. Kila mshauri anayekuja Komoro na jedwali la "vyanzo vya rushwa" bila kuuweka mzigo huu ndani yake, jedwali lake limekosa mguu.

Lakini nililoliona usiku ule ndilo lililonigeuza kichwa. Karibu na taa waliwekwa wazee wawili na meza ya mbao. Mmoja ana daftari kubwa la jalada gumu. Kila bahasha inayoletwa inafunguliwa, noti zinahesabiwa juu ya meza, mzee wa pili anataja kwa sauti jina la mtoaji na kiasi, na wa kwanza anaandika. Akitamka vibaya, watu wa barazani wanamsahihisha papo hapo. Fungu la mji lilitengwa peke yake, kwenye bakuli la shaba: mwaka huu linakwenda kwenye paa la shule ya msingi, mwaka jana lilikuwa la tangi la maji. Nikamuuliza kijana aliyeketi karibu nami kama fedha hizo huwahi kupotea. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama jua huchomoza magharibi. "Zipotee vipi? Zimetajwa."

Tulikula wali na nyama na maziwa ya mgando. Wakili alirudi na mfuko wa mkate wa ufuta, ule ule wetu.

Kwa wanaume: chukua kanzu na kofia. Nilipita milango ambayo suti isingenipitisha.

JUMAMOSI. Chindini hadi Mwali

Ndege ya Mwali ilijaa watu wa harusi, kwa hiyo tukashuka kusini kabisa hadi Chindini, ambako boti za plastiki zenye injini mbili huvuka kwenda Hoani, upande wa Mwali. Barabara ni nzuri theluthi ya kwanza, kisha ni suala la uvumilivu. Nauli ya boti franki 12,500.

Nahodha, mwanaume mwembamba mwenye miwani ya kuogelea kichwani, alitugawia maboya yote bila kuombwa. Nikamwomba risiti. Akaniangalia, akawaangalia abiria, wote wakacheka. Basi nikachana karatasi, nikaandika tarehe, njia, kiasi, na yeye akatia sahihi nzuri yenye mikia, akasema nimwandikie na jina la mama yake ili itoe nguvu.

Kusi ilikuwa imechachamaa. Saa mbili za kupigwa maji usoni. Hapo ndipo daftari lilipopata madhila yake. Mama mmoja mwenye mtoto alimfunika wakili kwa upande wa shiromani yake, nguo ya kujitanda, bila kusema neno, akamwekea kichwa begani. Wakili alitapika kwa heshima.

Ushauri: vuka asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Boti isiyo na maboya ya kutosha usiipande, hata kama ndiyo ya mwisho.

JUMAPILI. Itsamia

Siku ya mapumziko, kijijini huko huko Mwali. Usiku mlinzi wa kijiji alitupeleka kuona kasa wakitaga, franki zinalipwa kwa chama cha kijiji na stakabadhi inatolewa, yenye namba. Nilifurahi kuliko kasa.

JUMATATU NA JUMANNE. Fomboni

Mwali ina watu kama 50,000, na nadhani katika siku hizi mbili nilisalimiana na wengi wao. Fomboni ndipo ulipotiwa sahihi, Februari 2001, mwafaka uliomaliza mgogoro wa kujitenga kwa Nzuwani na kuleta urais wa zamu. Leo ni mji wa barabara moja, mbuzi, na jenereta.

Darasa letu lilikuwa dogo, na nikaacha slaidi kwenye begi. Nikawaeleza meza ya bangwe. Wote waliijua, wawili kati yao wamewahi kushika daftari hilo vijijini kwao. Nikauliza: ofisi yenu ikipokea fedha ya kukarabati kituo cha afya, nani anataja? Mhasibu mmoja, mtaratibu, akajibu kwamba taarifa hupelekwa Moroni, nakala tatu, Kifaransa. Nani Mwali anaisoma? Akafikiri. "Mimi."

Tukafanya zoezi. Wakachukua mradi mmoja wa kweli, uliokwisha, wakauandika upya kwenye karatasi moja kwa lugha yao: fedha kiasi gani, kutoka wapi, nani kapewa kazi, mabati mangapi, saruji mifuko mingapi. Halafu wakaisoma kwa sauti, mmoja akiwa mzee wa mji. Mstari wa nne mtu akadakia: "Mabati hayo hayakufika yote, mimi nakaa nyuma ya kituo." Ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyemshitaki mtu, hakuna aliyejaza fomu, hakuna sanduku. Mhasibu akaweka alama ya kuuliza kwa penseli pembeni ya mabati na kusema atafuatilia.

Hadidu zetu za rejea zilitaka "mfumo wa siri wa kupokea malalamiko". Nimeandika kwenye ripoti kwamba siri iwepo, lakini ufunguo wake ukae nje ya kisiwa husika. Na kabla ya siri, hesabu zisomwe pale watu wanapokaa. Wakili hakukubali moja kwa moja. Anasema kilichosomwa hadharani na mkubwa bila ushahidi wa karatasi kinaweza kuwa hotuba nyingine tu, na kwamba mwanamke hana kiti bangweni. Hoja ya pili ilinikaa. Tukaongeza kwamba hesabu zisomwe pia kwenye vyama vya akina mama, ambavyo kwa kukusanya na kugawa fedha vina nidhamu ambayo benki ingeionea wivu.

JUMATANO. Uwanja wa ndege wa Mwali

Ndege ya saa nne haikuja. Saa nane tukaambiwa kesho. Mfanyakazi mmoja wa uwanjani, aliyekuwa akifunga ofisi, aliona tumekaa juu ya mabegi akatuchukua kwake. Mkewe alikuwa hajategemea wageni. Ndani ya saa moja pakawa na mashelisheli ya kukaanga, pweza, na chai ya mchaichai. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Koko, alimuuliza wakili ana watoto wangapi, akahuzunika kwa jibu, akamwombea dua ndefu.

ALHAMISI NA IJUMAA. Mutsamudu

Ndege ilikuja alfajiri, dakika chache angani, tukashuka Ouani. Nzuwani ni milima ya kijani iliyosimama wima, harufu ya karafuu na ilangi-ilangi, na Mutsamudu ni mji mkongwe wa vichochoro ambao mtu wa Mji Mkongwe atapotea akiwa amestarehe.

Darasa hapa lilikuwa la watu wanaoshughulika na mizigo, maana hapa ndipo penye bandari ya kina kirefu. Moroni meli kubwa hutia nanga nje na shehena hushushwa kwa matishari. Mazungumzo yakawa ya orodha za ada. Muagizaji mmoja wa mchele alisema hajali ada iwe kubwa, anachotaka ni kuijua kabla ya kufika dirishani. Mtu akicheleweshewa kontena siku tatu bila sababu, siku ya nne mwenyewe ndiye anayeuliza "chai ni ngapi". Tulikubaliana jedwali moja, la lugha mbili, libandikwe nje ya geti na si ndani.

Jioni nilipanda ngome ya karne ya 18 juu ya mji. Babu mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kwenye mizinga alinisikia nikiongea na simu. "Mtanzania?" Nikaitika. Akanisimulia Machi 2008, majeshi ya Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, yaliposhuka na askari wa Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa amekatalia madarakani Nzuwani. Anasema askari wetu mmoja alinunua kwake ndizi na kulipa. Jambo la kulipa alilirudia. Kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini, nikamwambia. Akaangalia bandari kitambo. "Na nyie kwenu mmemaliza?" Nikamwambia hapana. Akasema basi karibu.

JUMAMOSI NA JUMAPILI. Kurudi

Mutsamudu, Moroni, Dar, boti ya Unguja. Hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba uwanjani Hahaya walinipima mizigo na vanila ya zawadi ikanusurika.

Ripoti tumeipeleka. Masurufu yangu, hata hivyo, yamerudishwa. Mhasibu wa mradi amekubali hoteli, teksi, hata franki za kasa, kwa sababu zina namba. Karatasi ya nahodha ameizungushia kalamu nyekundu: haina muhuri, haina namba ya mlipakodi, na "jina la mama wa mtoa huduma halihitajiki". Kwa hiyo atakayepita Chindini baada yangu aweke akilini: franki 12,500 kwenda, na ni za mfukoni mwako.